Shina la Mti na Njia Zake

Palikuwa na mtu aliyepanda mwembe mbele ya nyumba yake. Mti ukakua vizuri, ukafika umri wa kuzaa, ukatoa maua mengi. Mwaka ule ule mtu yule akanunua mbuzi, na kwa kuwa hakuwa na zizi, akamfunga kwa kamba katika shina la mwembe. Mbuzi akauzunguka mti mchana kutwa. Kamba ikalisugua ganda, na mbuzi mwenyewe akalitafuna. Hata mwisho wa mwezi shina lilikuwa limechunwa pande zote, upana wa kiganja, na mti wa ndani ukaonekana mweupe kama mfupa.

Jirani yake akamwambia, "Ndugu yangu, mwembe wako utakufa." Mwenye mwembe akacheka, akajibu, "Tazama majani yake, yote ni mabichi. Ganda ni nguo tu, na mtu hafi kwa kuchanika nguo." Kweli, mwezi wa pili majani yalikuwa mabichi, na mwezi wa tatu vivyo hivyo. Lakini baadaye yakaanza kugeuka rangi, yakapukutika, na masika ya pili yalipofika mwembe ule ulikuwa kuni.

Je, kwa nini mti ulikufa? Na ikiwa jeraha lake lilikuwa la kufisha, kwa nini majani hayakunyauka siku zile zile? Tena liko jambo la tatu la kustaajabisha. Labda umepata kuona mbuyu au mwembe mzee wenye pango kubwa katikati, hata watoto huweza kujificha ndani, nao bado huzaa matunda. Mti uliopoteza moyo wake wote huishi, na mti uliopoteza ganda kidogo hufa! Tukitaka kufahamu sababu yake, hatuna budi kulitazama shina kwa makini, nje na ndani.

1. Shina lilivyofanyizwa

Tafuta tawi bichi la mti wenye ganda, nene kama kidole gumba, ulikate kwa kisu kikali, kisha utazame pale palipokatwa. Kwa nje utaona ganda gumu. Hilo ndilo ngao ya mti: huzuia jua lisiukaushe na wadudu wasiingie kwa urahisi. Ndani ya ganda gumu liko ganda la pili, laini na lenye maji. Ndani yake tena ndio mti wenyewe, mweupe na mgumu, ambao ukiwa mkubwa seremala huupasua mbao. Katikati kabisa mna kiini kidogo kilicho laini.

Sasa lishike ganda, ulivute polepole. Likibanduka, pitisha kidole juu ya mti ulio wazi. Utahisi unyevu wenye kuteleza. Watu wengi huupangusa wala wasiufikiri tena, walakini hapo penye utelezi ndipo ulipo uhai wa mti.

Yakupasa kujua kwamba kila kiumbe hai kimefanyizwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo chembe, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Chembe hizo ni ndogo mno, na aghalabu haziwezi kuonekana ila kwa hadubini. Basi, kati ya ganda laini na mti pana utando mwembamba kama karatasi, ambao chembe zake hugawanyika, moja ikawa mbili, na mbili zikawa nne. Chembe zinazozaliwa upande wa ndani hugeuka kuwa mti, na zile za upande wa nje hugeuka kuwa ganda laini. Katika habari hii tutauita utando huo utando wa kukuza, kwa kuwa ndio unaolinenepesha shina.

2. Jinsi shina linavyokua

Tuseme leo umepigilia msumari katika shina la mti mchanga, sawa na kimo cha kichwa chako. Ukirudi baada ya miaka 20, utaukuta wapi msumari ule? Wengi watajibu kwamba utakuwa juu sana, kwa maana mti umekua. Sivyo. Utaukuta mahali pale pale ulipouacha, ila shina litakuwa limeumeza, hata pengine usionekane kabisa.

Sababu yake ni hii. Shina la mti hurefuka nchani tu. Katika ncha ya kila tawi mna chipukizi, na ndani yake mna chembe changa zinazogawanyika. Chembe zile zikiisha kuzaliwa hurefuka kwa muda, kisha hukomaa na kuwa ngumu. Sehemu iliyokwisha kukomaa hairefuki tena maisha yake yote, bali huongezeka unene tu kwa kazi ya ule utando wa kukuza. Kwa hiyo msumari haupandi juu, na tawi lililo karibu na ardhi leo halitapandishwa juu kesho.

Nyasi zina desturi nyingine. Mwanzi, muwa na muhindi una pingili na fundo, na karibu na kila fundo zimo chembe changa ziwezazo kurefuka, mbali na zile za nchani. Majani ya nyasi nayo hukua kutoka chini. Ndiyo maana ng'ombe hula ncha za nyasi leo, na baada ya siku chache malisho huwa marefu tena.

Sasa tutazame unene. Kila msimu wa mvua utando wa kukuza huongeza tabaka jipya la mti juu ya lile la zamani. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, mti husimama kukua wakati wa baridi, na kila mwaka huonekana kama duara moja katika shina lililokatwa. Watu wa huko huweza kuhesabu duara hizo na kujua umri wa mti. Kwetu Afrika ya Mashariki hesabu hiyo haiaminiki sana, kwa sababu mahali pengi pana masika na vuli, na mti huweza kufanya duara mbili kwa mwaka mmoja.

Tabaka la mti likizeeka, mirija yake ya maji huziba, na likawa moyo wa mti. Tazama gogo la mpingo: kando ni jeupe, katikati ni jeusi na gumu kama jiwe. Sehemu ile nyeupe ndiyo inayopitisha maji. Ile nyeusi imekwisha kuacha kazi hiyo, nayo hubaki kuwa nguzo ya kuushikilia mti. Hapa tumekwisha pata jibu la fumbo letu moja. Mbuyu wenye pango umepoteza nguzo yake ya katikati, lakini njia zake za uhai ziko kando, karibu na ganda. Ndiyo maana huishi.

3. Njia ya maji

Ukitaka kuiona njia ya maji kwa macho yako, fanya hivi. Chukua ua jeupe lenye kikonyo kirefu, ukate ncha ya kikonyo, kisha ulitie upesi katika bilauri yenye maji na wino mwekundu. Uliache mahali penye mwanga na upepo kidogo. Baada ya saa kadha wa kadha utaona mishipa myekundu katika ua. Sasa kikate kikonyo kwa kisu. Hutakiona chekundu chote, bali utaona vitone vyekundu tu. Kila kitone ni mdomo wa fungu la mirija. Basi maji hayapandi ovyo kama katika kitambaa kilichoroa, bali yana njia zake.

Katika mti mkubwa njia hizo zimo ndani ya mti wenyewe, katika matabaka yake mapya. Mirija yake imefanyizwa kwa chembe zilizopangwa moja juu ya moja. Zilipokuwa hai zilijijengea kuta ngumu, kisha zikafa, zikaacha kuta zao tupu kama mabomba yaliyoungwa. Tazama ajabu hii: chembe hizo huutumikia mti zaidi baada ya kufa kwake.

Maji huingia kwa mizizi midogo yenye vinyweleo, nayo huchukua chumvi za udongo zilizoyeyuka ndani yake. Samadi itiwayo shambani haiwezi kuufaa mmea mpaka nguvu yake iyeyuke katika maji na kuingia mizizini.

Kasisi mmoja wa Uingereza, jina lake Stephen Hales, alitaka kujua mmea hunywa maji kiasi gani. Mwaka 1724 alichukua alizeti iliyopandwa katika chungu, akakifunika chungu ili maji yasitoke ila kwa mmea wenyewe, akawa akikipima kwa mizani asubuhi na jioni. Alizeti ile ilikuwa na kimo cha mita 1 hivi, nayo kwa muda wa saa 12 za mchana ilipoteza, kwa wastani, zaidi ya nusu lita ya maji. Hales aliandika habari hizo katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1727.

Maji yale yalikwenda wapi? Yalitoka katika majani yakiwa mvuke. Kila jani lina matundu madogo sana, na kwa matundu hayo hewa huingia na mvuke hutoka. Katika kila lita 100 zinazopanda kutoka mizizini, zaidi ya 95 hutoka hewani kwa njia hii. Usidhani kwamba ni hasara tupu, maana kutoka huko kwa maji ndiko kunakoyavuta maji mengine juu.

Jambo hili liliwashinda wataalamu muda mrefu. Pampu inayofyonza maji kisimani haiwezi kuyapandisha zaidi ya mita 10 hivi, ijapokuwa inaendeshwa na mtu mwenye nguvu nyingi. Lakini miti mingi hupita kimo hicho. Mwaka 2016 zilitangazwa habari za mti mmoja katika bonde la mlima Kilimanjaro ambao kimo chake ni mita 81.5, mrefu kupita miti yote ya asili ya Afrika iliyokuwa imepimwa. Nani anayeyapandisha maji mpaka kilele cha mti ule, bila pampu na bila sauti?

Mwaka 1894 wataalamu wawili wa Dublin, katika nchi ya Ayalandi, Henry Dixon na John Joly, walitoa maelezo ambayo hata leo yanakubaliwa. Maji yaliyomo katika mrija mwembamba hushikana kwa nguvu, kama pete za mnyororo. Jua likigeuza maji ya jani kuwa mvuke, maji yaliyo nyuma yake huvutwa mbele, nayo huyavuta yale yaliyo chini yake, na vivyo hivyo mpaka mizizini. Basi mti hausukumi maji kutoka chini, bali majani huyavuta kutoka juu, na nguvu ya kazi hiyo ni jua.

4. Njia ya chakula

Majani ndiyo jiko la mti. Humo hewa iliyoingia kwa matundu na maji yaliyotoka mizizini hugeuzwa kuwa sukari kwa nguvu ya mwanga wa jua. Mizizi haiwezi kupika, kwa maana inakaa gizani. Nayo ina kazi nyingi: kukua, kupenya udongo, kuchukua chumvi. Asiyepika hana budi kuletewa. Je, ni njia gani inayopeleka chakula kutoka jikoni mpaka mizizini?

Tabibu mmoja wa Italia, Marcello Malpighi, aliitafuta njia hiyo zaidi ya miaka 300 iliyopita. Alichuna ganda la shina mviringo, kama pete, akangoja. Baada ya muda aliona kwamba ganda lililo juu ya jeraha limevimba, lakini lililo chini yake halikuvimba. Ni kama mto uliozibwa, ambao maji yake hujaa upande yanakotoka. Akatambua kwamba majani hutengeneza chakula, na kwamba chakula hicho hushuka kwa njia ya ganda. Vitabu vyake juu ya miti na majani vilitolewa mwaka 1675 na mwaka 1679.

Siku hizi twajua kwamba njia ya chakula imo katika ganda laini, nayo ni mirija ya chembe zilizo hai. Mahali sukari inapotiwa katika mrija, maji huifuata, na mrija hujaa. Mahali sukari inapotolewa ili itumike, mrija hupungua. Basi utomvu husukumwa kutoka penye kujaa kwenda penye kupungua. Wala haushuki tu. Matunda yakihitaji chakula, utomvu huyaendea, hata yakiwa juu. Huko pwani mgema hupanda mnazi, akakata ncha ya shina la maua ambayo hayajafunuka, akatundika kibuyu chake. Maji matamu yanayodondoka ndani ya kibuyu ni chakula ambacho mti ulikuwa ukiyapelekea maua na nazi zake.

5. Kwa nini mwembe ulikufa

Sasa turudi kwenye mwembe wetu. Mbuzi alikula ganda, lakini hakuukata mti wa ndani. Njia ya maji ikabaki nzima, maji yakaendelea kupanda, na majani yakakaa mabichi. Hilo ndilo lililomdanganya mwenye mwembe. Njia ya chakula ilikuwa imekatika pande zote. Majani yalipika kila siku, lakini chakula hakikufika chini. Mizizi ikala akiba yake mwezi baada ya mwezi. Akiba ilipokwisha, mizizi ikafa kwa njaa. Na mizizi ilipokufa, maji hayakupanda tena, na majani yakafa kwa kiu. Mti ulianza kufa chini, mahali ambapo hapana mtu aliyetazama.

Kama ungebaki ukanda mmoja tu wa ganda zima upande mmoja, chakula kingepita hapo, na labda mti ungepona. Tena kama mwenyewe angemsikia jirani mapema, angeweza kumwita mtu ajuaye kupandikiza miti. Huyo angekata vijiti vibichi vya mwembe, akachomeka ncha zake chini ya ganda, upande wa chini wa jeraha na upande wa juu, viwe daraja la chakula. Utando wa kukuza wa vijiti ukigusana na utando wa shina, huungana.

6. Mnazi na mtuba

Usifikiri kwamba mimea yote ni sawa. Mnazi hauna utando wa kukuza kama wa mwembe. Mirija yake, ya maji na ya chakula, imetawanyika katika shina zima kwa mafungu. Utafune muwa, nao utakuonyesha mpango kama huo: nyuzi zinazobaki mdomoni ndizo zenye mirija. Ndiyo maana wakwezi huweza kuchonga vidato katika shina la mnazi ili wapande, na mnazi usife. Lakini mnazi una chipukizi moja tu la kurefuka, nalo limo juu, katikati ya makuti. Chonga shina lake, utaishi. Kata kilele chake, utakufa.

Watu wa Buganda, katika nchi ya Uganda, tangu zamani wamejua siri ya ganda. Hutengeneza nguo iitwayo lubugo kwa ganda la mti uitwao mutuba. Fundi hukwangua ganda la nje, akakata mviringo juu na chini, akalipasua kwa urefu, kisha akalibandua polepole bila kuukwaruza mti. Ganda hulichukua kwenda kulipondaponda kwa nyundo za mti mpaka liwe pana na laini. Lakini kabla ya kuondoka huufunga mti mahali palipo wazi kwa majani ya mgomba, ili jua lisiukaushe. Chini ya majani yale, chembe changa zilizobaki hufanyiza ganda jipya, na mti ule ule huvunwa tena na tena kwa miaka mingi. Mwaka 2005 shirika la UNESCO liliutangaza ufundi huo kuwa miongoni mwa urithi wa wanadamu wote.

Tazama basi. Mbuzi alichuna ganda, na fundi wa lubugo alichuna ganda. Mti mmoja ulikufa, na wa pili ukavika watu. Mbuzi aliuacha mti ukikauka juani, na fundi alijua mahali uhai wa mti ulipo, akaufunika.

Nawe pia, ukitaka kufunga mbuzi, mchimbie kigingi. Ukifunga mche kwenye mti wa kuuegemeza, usitumie waya, maana shina litanenepa na waya utalikaba. Tumia kamba laini, na uilegeze mara kwa mara. Ukitumwa kuchukua ganda la dawa, chukua kipande kidogo upande mmoja, wala usizungushe kisu. Kuua mti hakuhitaji shoka. Pete moja katika ganda yatosha.

MASWALI

1. Kwa nini majani ya mwembe yalikaa mabichi baada ya ganda kuchunwa?
2. Utando wa kukuza uko mahali gani, na kazi yake ni nini?
3. Msumari uliopigiliwa katika mti mchanga utakuwa wapi baada ya miaka 20? Eleza sababu.
4. Maji hupandaje mpaka kilele cha mti mrefu kuliko mita 10?
5. Kwa nini mbuyu wenye pango huweza kuishi?
6. Kuna tofauti gani kati ya shina la mnazi na shina la mwembe?
7. Tembea karibu na shule na nyumbani kwenu. Tafuta miti iliyofungwa waya au kuchunwa ganda, na useme waweza kuifanyia nini.